Borachio na Toba ya Mtu Duni

Wasomaji wengi wa tamthilia ya Shakespeare iitwayo Much Ado About Nothing humkumbuka Beatrice na Benedick, wale wawili wanaorushiana maneno makali mpaka wakajikuta wamependana. Siwalaumu. Mabishano yao yana utamu, nayo yamesaidia sana kuiweka hai tamthilia hiyo tangu ilipochapwa mwaka 1600. Lakini mimi, ambaye kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu watakaokuwa walimu, na baadaye kukiongoza chuo chao, nimejikuta kila mara nikirudi kwa mhusika mwingine, ambaye hata wanafunzi hodari humsahau wakati wa mtihani. Mhusika huyo ni Borachio.

Tuanze na jina lake. Kwa Kihispania borracho ni mlevi. Wenzake wana majina ya ukoo, vyeo na miji walikotoka. Yeye amepewa aibu yake iwe ndiyo jina. Hatuambiwi ana mke, mama wala nyumba. Tunachoambiwa ni kwamba anamfuata Don John, ndugu wa nje ya ndoa wa mtawala Don Pedro wa Aragon, na kwamba walipofika Messina katika nyumba ya gavana Leonato alipewa kazi ya kufukiza manukato katika vyumba vyenye uvundo. Sisi tuliozoea udi na ubani twaielewa kazi hiyo. Mfukizaji huingia chumbani wenye nyumba wakiwa hawapo, naye hutoka kabla hawajarudi. Harufu nzuri hubaki, yeye hasalimiwi. Na ni katika kazi hiyo, akiwa amejibanza nyuma ya pazia la ukutani, ndipo Borachio anapoisikia siri ya wakubwa: kwamba kijana Claudio anampenda Hero, binti pekee wa Leonato, na kwamba Don Pedro atamsaidia kumposa.

Hoja yangu katika kurasa hizi ni moja. Katika tamthilia hii, toba iliyo kamili kuliko zote imewekwa katika kinywa cha mtu aliye duni kuliko wote, na mwandishi alifanya hivyo kwa kukusudia. Tena toba hiyo haimpimi Borachio peke yake. Yatupima na sisi wenye heshima zetu, jinsi tunavyoipokea kweli inapoletwa na mtu tusiyemwalika kuketi.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajaisoma tamthilia, au aliyeisoma zamani, nitaeleza kwa ufupi yaliyotokea. Claudio na Hero wamekwisha kuposana na siku ya harusi imekaribia. Don John, mtu mwenye kinyongo na furaha ya kila mtu, anataka kuiharibu ndoa hiyo ila hana njia. Anayemwonyesha njia ni Borachio. Yeye ana urafiki wa kimapenzi na Margaret, mtumishi wa Hero, naye anaweza kumwita dirishani saa yoyote ya usiku. Basi Margaret atatokea katika dirisha la bibi yake, Borachio atamwita kwa jina la Hero na kuagana naye kwa mahaba. Na wakati huo huo Don John atawaleta Don Pedro na Claudio wasimame mbali gizani wajionee. Kwa kazi hiyo Borachio anaahidiwa dukati 1,000. Mpango unafanyika kama ulivyopangwa. Asubuhi, kanisani, mbele ya wageni wote, Claudio anamkataa bibi harusi na kumwita kahaba. Hero anaanguka na kuzimia. Kasisi Francis, ambaye ameamini usoni mwa binti kuliko midomoni mwa watu, anashauri itangazwe kwamba Hero amekufa, ili kweli ipate muda wa kujitokeza.

Nataka msomaji ashike jambo moja hapa, kwani bila hilo hatutaiona toba ilivyo nzito. Hila hii haikubuniwa na Don John. Yeye alitoa chuki na fedha. Akili ni ya Borachio. Ndiye aliyechagua usiku, dirisha, na nguo, na ndiye aliyemfundisha bwana wake maneno ya kwenda kumwambia Don Pedro. Alijigamba hata kwamba bwana wake akishikilia tu mashtaka, werevu wake yeye hautamtia aibu. Kwa hiyo hatuwezi kumtetea kwa kusema alikuwa mtumwa asiye na hiari, au kwamba mjumbe hauawi. Huyu si mjumbe. Lugha yetu ina neno kuwadi kwa mtu awaunganishaye watu kwa siri ili apate chochote. Borachio ni kuwadi wa namna ya pekee, maana aliuza mapenzi ambayo hayakuwapo. Na katika kuyauza akamtumia mwanamke aliyempenda, bila kumweleza ni kwa nini leo avae vile na aitwe jina lile.

Usiku ule ule, kabla ya harusi, Borachio anakutana na mwenzake Conrade njiani. Mvua ya rasharasha inanyesha. Wanajikinga chini ya paa lililotokeza, naye, kama mlevi wa kweli, anamwaga yote aliyoyatenda na ujira atakaoupata. Hapo hana majuto hata chembe. Anajisifu. Lakini kabla ya kufika kwenye habari yenyewe anapotea njia, anazungumzia mavazi na mitindo: jinsi mtindo unavyowazungusha vijana wenye damu moto, na jinsi vazi lisivyo mtu. Conrade anamkatiza akidhani pombe imempanda. Askari wa zamu waliojificha karibu wanasikia visivyo, wakadhani anamtaja mwizi fulani. Sisi wasikilizaji tunacheka, na kicheko hicho chaweza kutuzuia tusisikie. Mtu huyu ndiyo kwanza atoke kumvika mtumishi sura ya bibi yake, na wakubwa wawili wenye elimu wakaamini vazi. Pombe imemtoa neno ambalo akili yake haijalielewa. Nadhani ndipo dhamiri yake ilipojigeuza usingizini kwa mara ya kwanza, ingawa haikuamka.

Iliamka lini basi? Jibu langu huwashangaza wanafunzi, kwa sababu nawaonyesha mahali ambapo Borachio hasemi kitu.

Askari wamewakamata yeye na Conrade, na mkuu wao Dogberry, mtu mwenye maneno makubwa asiyoyajua maana, anawahoji. Mahojiano ni kichekesho kitupu. Borachio mwanzoni anakana: anaulizwa kama wao ni waovu, anasema sivyo. Askari mmoja anasema walimsikia akimwita Don John mwovu, naye anajaribu kuingilia, ila Dogberry anamnyamazisha. Kisha katibu wa baraza, ambaye ndiye mwenye akili mle ndani, anaunganisha habari. Anawaambia wafungwa kwamba Don John ametoroka asubuhi ile kwa siri. Kwamba Hero ameshtakiwa kwa namna ile ile, akakataliwa, na kwa uchungu wake amekufa ghafla. Baada ya hapo Conrade anakasirika na kumwita Dogberry punda. Borachio hasemi neno. Kuanzia pale alipopata habari ya kifo mpaka mwisho wa onyesho, mlevi yule mwenye mdomo mwepesi hana hata neno moja.

Najua ukimya wa mhusika si ushahidi wa moja kwa moja. Inawezekana mwandishi hakuwa na haja naye tena katika onyesho lile. Lakini tumwangalie anapotutokea tena, akiwa amefungwa kamba, mbele ya Don Pedro na Claudio. Dogberry anataja makosa yake kwa mpangilio uliovurugika, la sita kabla ya la tatu, na Don Pedro anamdhihaki. Hapa palikuwa na mwanya mzuri wa kujificha nyuma ya upumbavu wa askari, au kunyamaza tu. Badala yake Borachio anamwomba Don Pedro kwamba yeye asipelekwe mbali zaidi kutoa jibu lake. Anasema ameyadanganya macho yao wenyewe; kwamba jambo ambalo hekima yao haikuweza kuligundua limefichuliwa na wajinga hawa. Anaeleza jinsi Don John alivyomchochea, jinsi walivyoletwa bustanini, jinsi alivyomkumbatia Margaret aliyevaa nguo za Hero. Anasema kwamba angependa zaidi kuyatia muhuri hayo kwa kifo chake kuliko kuyarudia kwa aibu yake. Mwisho anasema binti amekufa kwa mashtaka ya uongo yake na ya bwana wake, naye hataki kitu ila malipo yamstahiliyo mwovu.

Kuna watakaopinga. Watasema kwamba toba ya mtu aliyefungwa kamba haina thamani, kwani angefanya nini kingine? Katibu alikuwa amekwisha kwenda na maandishi kwa Leonato, na siri ingetoka tu. Pingamizi hili lina nguvu, nami nalijibu kwa mambo matatu.

Kwanza, tumlinganishe na wenzake waliokuwa katika hali kama yake. Conrade naye amefungwa, na hatumsikii akijutia lolote. Don John hakufungwa na alikuwa na miguu, akaitumia. Kwa hiyo si kweli kwamba kubanwa humfanya kila mtu aseme kweli. Kubanwa humtoa mtu kile alichonacho ndani.

Pili, Borachio haombi kitu. Sisi walimu tumesikia maungamo mengi katika maisha yetu, na twajua yaliyo mengi yana mkia: nimekosa, lakini; nisamehe, kwa sababu; nilifanya, ila fulani alinituma. Yeye anamtaja bwana wake kwa kuwa ni sehemu ya kweli, ila hajifichi chini yake.

Tatu, na hili kwangu ndilo kubwa, anamtetea Margaret. Leonato anaposema kwamba mwovu huyu ataletwa uso kwa uso na Margaret, akiamini Margaret alilipwa ili ashiriki, Borachio anamkatiza gavana mwenyewe na kuapa kwamba hakulipwa. Kwamba hakujua alichokuwa akifanya aliposema naye. Na kwamba kwa yote anayoyajua yeye, daima amekuwa mtu wa haki na mwema. Hakuna aliyemwuliza. Utetezi huo haumpunguzii adhabu hata siku moja. Mtu aliyemtumia mwanamke kama chambo sasa anasimama mbele ya bwana wa mwanamke huyo na kumrudishia jina lake. Mtu anayejutia kukamatwa peke yake asingejali Margaret anafikiriwaje.

Hapa lazima niseme pia ninapomlaumu mwandishi. Margaret alikuwa humo nyumbani wakati sifa ya bibi yake inachafuliwa. Angeweza kusema kwamba aliyekuwa dirishani usiku ule ni yeye. Kwa nini hakusema? Tamthilia haitupi jibu. Tunamwona baadaye akitaniana na Benedick kana kwamba nyumba haina msiba, na mwisho Leonato anasema alikuwa na kosa kiasi, ingawa bila kutaka kwake. Huo ni ufa katika ukuta, na kumsifu Shakespeare hakutuzuii kuuona. Nionavyo, alihitaji Margaret asiwe na hatia ili utetezi wa Borachio uwe kweli, ila hakupata nafasi ya kumpa mwanamke huyo onyesho lake mwenyewe la kusema. Watumishi katika vitabu hupata msiba huo mara kwa mara.

Sasa nije kwenye ushahidi wangu wa kwamba mambo haya yalikusudiwa. Kisa hiki hakikuanza na Shakespeare. Mwitalia Matteo Bandello alikisimulia katika hadithi zake zilizochapwa mwaka 1554, nacho kinatokea Messina hiyo hiyo. Katika hadithi ya Bandello, anayepanga hila ni bwana mwenye cheo, Girondo, ambaye naye anampenda binti huyo na anataka posa ivunjike ili amchukue yeye. Binti anapodhaniwa amekufa, Girondo anaungua moyoni. Anampeleka rafiki yake kaburini, anakiri, na kumpa jambia ili amwue. Rafiki anamsamehe. Kisha binti anaonekana kuwa yu hai, na Girondo anapewa mdogo wake wa kike amwoe.

Tazama Shakespeare alivyobadilisha. Ameligawa kosa la Girondo vipande viwili: chuki amempa Don John, hila amempa Borachio. Toba nayo angeweza kumpa Don John, mwana wa mkuu, na wasikilizaji wa London wangefurahi kumwona bwana akipiga magoti. Hakufanya hivyo. Don John hatubu kabisa. Toba imeshuka kutoka kwa bwana mwenye jambia hadi kwa mfukiza vyumba mwenye kamba mikononi. Na iliposhuka, msamaha haukushuka pamoja nayo. Girondo alikiri akapata rafiki na mke. Borachio anakiri, anaondolewa na askari, na hatumwoni tena. Katika kurasa za mwisho tunaletewa habari kwamba Don John amekamatwa, na Benedick anasema adhabu zake zitafikiriwa kesho, kwa maana leo ni siku ya kucheza ngoma. Juu ya Borachio hakuna hata sentensi.

Tumpime sasa Claudio. Huyu naye alisikia habari ya kifo cha Hero, tena kutoka kwa baba yake, Leonato, aliyemwambia kwamba mwanawe amelala kaburini pamoja na wazee wake. Alifanya nini? Muda mfupi baadaye, Benedick alipofika, alikuwa akifanya mzaha kwamba nusura yeye na Don Pedro wang'olewe pua na wazee wawili vibogoyo. Habari ni ile ile. Ilipomfikia mlevi akiwa kizuizini, ilimfunga mdomo. Ilipomfikia bwana mdogo wa Florence, haikumzuia kutania. Msomaji akitaka kujua dhamiri iliyoamka ina tofauti gani na iliyolala, asiende mbali. Aweke maonyesho hayo mawili kando kwa kando.

Ni kweli kwamba Claudio naye anapigwa na maneno ya Borachio. Anasema ni kama amekunywa sumu alipokuwa akiyasikia. Anamwomba Leonato achague adhabu yoyote. Lakini papo hapo anaongeza kwamba hakukosa ila kwa kudanganyika. Don Pedro naye aapa vivyo hivyo. Huo ndio mkia niliousema. Si uongo, maana kweli walidanganywa. Lakini hakuna aliyewadanganya wakamwaibishe binti kanisani mbele ya watu. Hilo walilichagua wenyewe, usiku kucha wakiwa na nafasi ya kumwuliza hata swali moja faraghani.

Na sasa nimefika mahali ambapo, kwa maoni yangu, ndipo moyo wa tamthilia ulipo. Leonato anaingia na kuuliza mwovu ni yupi. Anamwuliza Borachio kama ndiye mtumwa aliyemwua mwanawe asiye na hatia kwa pumzi yake. Borachio anakubali kwamba ni yeye, peke yake. Kwa mtu aliyetubu hilo ni jibu la heshima, na bado si jibu sahihi. Anayemsahihisha ni mwenye msiba. Leonato anamwambia kwamba hapo anajisingizia: hapa wamesimama watu wawili waheshimiwa, na wa tatu amekimbia, nao wote wana mkono katika jambo hili. Kisha anawashukuru wakubwa wale kwa kifo cha binti yake, shukrani chungu kama shubiri.

Mtu duni anapotubu, kuna hatari ambayo mtu mkubwa haijui. Amezoea kubeba. Akiambiwa ni wewe, husema ni mimi. Na akisema ni mimi, wengine wote hupumua, kwa maana mzigo umepata punda. Unyofu wake huwa kichaka cha wasio wanyofu. Toba yake yahitaji msikilizaji mwenye haki, wa kumwambia: umesema kweli juu yako, sasa na sisi tuhesabu wengine.

Niliwahi kuona jambo la namna hiyo kwa macho yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mkufunzi kijana katika chuo kimojawapo cha mikoani, ambacho sina haja ya kukitaja. Mwanachuo mmoja wa kike alikuwa ameposwa na mwalimu wa shule ya jirani. Ghafla mchumba akaletewa barua za mapenzi, zikiwa na jina la msichana, zilizoandikwa kwa mwanamume mwingine. Aliyezileta alikuwa mpasua kuni wa jikoni, mzee mnywaji wa gongo ambaye watu wote, wanachuo na wakufunzi, walimwita kwa jina la kinywaji chake. Akamwambia mchumba kwamba yeye ndiye azipelekaye siku zote, na kwamba safari hii roho imemsuta. Posa ikavunjwa kwa kelele, barua zikapita mikononi mwa watu, na msichana akafunga sanduku lake akarudi kwao kabla ya mitihani. Baada ya wiki chache zikaja habari kwamba ni mgonjwa, hali chakula.

Asubuhi moja tukiwa kwenye kikao, yule mzee alikuja akasimama mlangoni. Hakuthubutu kukanyaga sakafu. Akasema barua zile hazikuwa za binti, kwamba alipewa shilingi ili aseme aliyoyasema, na kwamba binti akifa, aliyemwua ni yeye. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu za kikao. Nakumbuka vizuri jinsi chumba kilivyopata nafuu. Mkosaji amejileta mwenyewe! Mmoja akapendekeza afukuzwe siku hiyo hiyo, na shauri lifungwe. Mikono ilikuwa imeanza kuinuka.

Ndipo matroni wetu, mama mmoja mtu mzima ambaye kwa kawaida hakusema kikaoni, akauliza, "Baba, wewe wajua kusoma?"

Mzee akajibu, "Sijui, mama."

"Basi barua aliandika nani?"

Hakuna aliyeinua macho. Mzee akamtaja aliyempa shilingi, naye alikuwa mmoja wa waliokuwa wameketi pamoja nasi, mtu wa shahada na tai. Mambo yalivyoishia hayakuwa ya kujivunia. Mzee alifukuzwa. Mwenye tai alihamishiwa kituo kingine na mshahara wake. Mchumba alisema yeye alidanganywa tu, na watu wakamwonea huruma. Lakini kwa sababu ya swali lile moja, kumbukumbu ziliandika majina mawili badala ya moja, na barua ya kumsafisha msichana ilikwenda kwao ikiwa na maelezo kamili. Mwaka uliofuata alipokelewa katika chuo kingine akamaliza masomo yake. Yule mzee sikusikia habari zake tena.

Nilipokuja kukabidhiwa chuo, nilikuwa na desturi ya kufundisha onyesho la kukiri kwa Borachio katika muhula wa mwisho, wakati wanachuo wanakaribia kwenda kuwa mahakimu wa watoto wa watu. Maana mwalimu ni hakimu, atake asitake. Kila wiki huletewa mtoto mmoja ambaye wenzake wote wamemnyoshea kidole, aghalabu mtoto mwenye viraka kuliko wengine. Na mara nyingine mtoto huyo husema ni mimi, naye kweli yumo. Niliwaambia: hapo msifunge daftari upesi. Mpokeeni kwa heshima, kwa maana amefanya jambo ambalo watu wazima huliogopa. Kisha ulizeni swali la Leonato, mhesabu waliosimama na aliyekimbia.

Wapo watakaoona kwamba nimempandisha Borachio mahali asipostahili, kwa kuwa hotuba yake ni fupi na tamthilia yenyewe ni ya kuchekesha. Sijasema ni mtakatifu. Fedha aliitaka, hila aliibuni, mwanamke alimtumia. Na kama Hero angekufa kweli, machozi yake yasingemfufua. Ninachosema ni kwamba kati ya wanaume wote waliomjeruhi binti yule, ni yeye peke yake aliyelitamka kosa lake bila kulipunguza, akamkumbuka na mtu mwingine aliyekuwa hatarini kwa sababu yake. Kwamba mtu huyo hana ukoo wala jina, na kwamba wenye majina walirudi nyumbani kwenda kucheza ngoma, ni jambo ambalo Shakespeare ameliacha wazi mbele yetu bila kulitolea hukumu.

Msomaji atakayepata bahati ya kuiona tamthilia hii jukwaani nampa ushauri mmoja. Katika kitendo cha tano, wakubwa watakapokuwa wakipanga na Leonato habari za kaburi, wimbo na harusi mpya, asiwaangalie wao. Amtafute mtu aliyefungwa kamba pembeni, aangalie kama mwongozaji wa mchezo amemkumbuka, na uso wake unafanya nini. Huyo bado anaamini kwamba Hero amekufa. Wengine wote wataambiwa kesho kwamba yu hai. Yeye, kwa kadiri tamthilia inavyotuambia, hakuna aliyekwenda kumweleza.